Tovuti ikihama nyumba: historia ya kurasa zilizopotea na zile zilizofika salama

Redio ikisema jambo, sauti inapita. Aliyekuwa shambani, njiani ama kwenye foleni ya maji hakusikia. Ndiyo maana redio nyingi za jamii huku mashariki mwa Kongo zilifungua tovuti. Habari ya asubuhi inabaki pale hata jioni: tangazo la mtoto aliyepotezana na wazazi wake, majina ya vijiji vilivyokimbiwa, siku ya ugawaji wa chakula, onyo juu ya kipindupindu. Kwa familia ya wahami iliyoacha karatasi zake zote nyumbani, ukurasa kama huo unaweza kuwa ndio ushahidi pekee kwamba jambo fulani lilitokea, siku fulani, mahali fulani.

Sasa tovuti nazo zinahama. Programu inayotumika kujenga kurasa inazeeka, watengenezaji wanaleta toleo jipya, na kila asubuhi mwenye tovuti anaonyeshwa kitufe cha kumwambia asasishe. Akikawia miaka, mlango unabaki wazi kwa wezi wa mtandao. Akibonyeza bila matayarisho, anaweza kukuta ukurasa mweupe pale palipokuwa na habari za miaka kumi. Hasara hizi si mpya, na zinafanana sana. Tukiipitia historia yake, tutaona pia kwamba dawa inajulikana.

Ukurasa wa kwanza wa dunia

Mtandao wa kurasa ulianzia Geneva, Uswisi, katika kituo cha utafiti cha CERN. Mwingereza Tim Berners-Lee ndiye aliyeutengeneza, na mwaka 1991 tovuti ya kwanza ikafunguliwa kwa watu wa nje. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya wote, bila malipo.

Lakini kurasa zile za mwanzo zilikuwa zinaandikwa upya juu ya zile za zamani. Mwaka 2013, CERN ilipoamua kuirudisha tovuti yake ya kwanza kwenye anwani yake ya asili, nakala iliyowekwa pale ilikuwa ya mwaka 1992. Wavumbuzi wenyewe, wenye kompyuta na wataalamu wa kutosha, hawakuwa wameweka akiba ya mwanzo wa kazi yao. Ikiwa wao yaliwafika, redio ndogo yenye fundi mmoja wa informatiki isijidanganye.

Berners-Lee aliliona tatizo jingine mapema. Mwaka 1998 aliandika makala fupi akieleza kwamba anwani nzuri ya mtandao ni ile isiyobadilika. Alisema anwani hazibadiliki zenyewe. Ni watu wanaozibadilisha. Tutarudi kwenye neno hilo.

Nyumba ya kupanga

Mwanzoni mtu aliandika ukurasa kwa mkono, alama moja baada ya nyingine. Baadaye zikaja programu za kurahisisha. FrontPage ilinunuliwa na Microsoft mwaka 1996, na kwa miaka mingi mashirika na mashule yalijengea tovuti humo. Ulipanga ukurasa kama unavyopanga barua. Ila vitu kama fomu na hesabu ya wageni vilitegemea programu maalumu iliyowekwa kwenye seva. Microsoft ilipoiacha FrontPage na seva zikaondoa programu ile, fomu zilibaki zinaonekana lakini hazikupeleka ujumbe popote.

GeoCities nayo ilianza mwaka 1994, ikawapa watu wa kawaida nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao. Yahoo iliinunua mwaka 1999. Tarehe 26 Oktoba 2009 Yahoo iliifunga. Mamilioni ya kurasa zilizoandikwa na watu wasio na jina kubwa zingepotea zote, kama wanaharakati wa Archive Team na shirika la Internet Archive wasingekimbilia kunakili walichoweza. Wengi waliokuwa na kurasa pale hawakuwa na nakala nyumbani. Waliamini kwamba mwenye nyumba atakaa daima.

Waliovunja daraja nyuma yao

Agosti 2010 tovuti ya Marekani iitwayo Digg, iliyokuwa na wasomaji wengi sana, ilihamia toleo lake la nne. Kila kitu kilijengwa upya na kufunguliwa kwa wakati mmoja. Tovuti ikaanguka mara kwa mara, mambo yaliyopendwa na wasomaji yakatoweka, na njia ya kurudi toleo la zamani haikuwa imeandaliwa. Wasomaji walihamia kwa mshindani, Reddit. Miaka miwili baadaye, mwaka 2012, Digg iliuzwa kwa bei ndogo sana kulinganisha na thamani yake ya zamani.

Lakini hasara kubwa kuliko zote katika historia hii ni ya MySpace. Ilikuwa sehemu ambapo wanamuziki vijana waliweka nyimbo zao. Mnamo Machi 2019 kampuni ilikiri kwamba, katika kazi ya kuhamisha seva, picha, video na sauti zilizopandishwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda hazitapatikana tena. Watu walikadiria nyimbo milioni 50, kazi ya miaka 12. Baadaye Internet Archive ilipata nyimbo karibu 490,000 kutoka kwa watafiti waliokuwa wamezinakili kwa kazi yao. Hiyo haifiki hata moja kati ya mia. Hapakuwa na vita, hapakuwa na moto. Ni mizigo iliyopotea wakati wa kuhama.

WordPress na somo la Desemba 2018

Tuje sasa kwenye programu ambayo redio na vyama vingi huku kwetu vinaitumia: WordPress. Matt Mullenweg na Mike Little waliitoa mwaka 2003. Kwa miaka 15 sehemu yake ya kuandikia ilikuwa sanduku moja tu la maandishi. Aliyetaka ukurasa wenye safu, picha na vitufe aliongeza programu ya kujenga kurasa. Nyingi kati ya hizo zilitumia alama za mabano ndani ya maandishi. Ubaya wake ulionekana siku ya kuhama: ukizima programu ile, habari yako inabaki imejaa mabano na namba, msomaji asijue aanzie wapi.

Tarehe 6 Desemba 2018 likatoka toleo la 5.0, lenye mfumo mpya wa vipande ulioitwa Gutenberg, kwa jina la mchapaji yule Mjerumani. Tarehe ya kutoka ilikuwa imesogezwa mara mbili, kutoka 19 Novemba hadi 27 Novemba, kisha Desemba. Wenye tovuti wengi walilalamika kwamba mwisho wa mwaka si wakati wa kubadilisha msingi wa nyumba.

Hata hivyo, mambo matatu yalisaidia. Kwanza, habari za zamani hazikugeuzwa kwa nguvu: zilibaki zilivyo, ndani ya kipande kimoja cha mtindo wa kale. Pili, alama za mfumo mpya zilifichwa ndani ya maandishi kwa namna ambayo, hata ukiuacha mfumo huo, maneno yako yanasomeka. Tatu, walitoa programu ndogo ya nyongeza, Classic Editor, ya kurudi kwenye sanduku la zamani. Iliahidiwa msaada hadi mwisho wa 2021, kisha muda ukaongezwa, na zaidi ya tovuti milioni tano ziliiweka. Kelele zilikuwa nyingi, lakini maandishi hayakupotea. Daraja la kurudia lilikuwepo.

Huku kwetu mwezi ule ulikuwa na jambo lake. Tarehe 30 Desemba 2018 tulipiga kura, na kesho yake intaneti ikakatwa nchini kwa takriban siku 20. Basi fikirini tovuti iliyoanza kuhama tarehe 28 na ikaharibika tarehe 30. Mwenyewe angekaa hadi nusu ya pili ya Januari bila kuigusa, na nakala ya akiba iliyowekwa seva ya mbali isingemsaidia hata kidogo.

Somo lingine lilikuja Agosti 2020. WordPress 5.5 iliacha kupakia kipande kidogo cha programu kilichokuwa kinaunganisha amri za zamani na mpya. Wengi hawakujua hata kama kipo. Ghafla menyu na vitufe vya tovuti nyingi vikakataa kufunguka, hadi ikatolewa programu ya kukirudisha. Mwezi huohuo Elementor, mojawapo ya programu maarufu za kujenga kurasa, ilitoa toleo la 3.0 na kupunguza visanduku vilivyozunguka kila sehemu ili kurasa zifunguke haraka. Waliokuwa wameandika amri zao za mpangilio kwa kutegemea visanduku vile iliwabidi kuzirekebisha.

Na wale wanaosema heri kukaa palepale? Watazame Drupal. Toleo lake la 7 lilitoka Januari 2011. Kutoka hapo kwenda toleo la 8 ilikuwa karibu sawa na kujenga upya, hivyo wengi walikataa kuhama. Mwisho wa msaada ukaahirishwa mara kadhaa, lakini tarehe 5 Januari 2025 ulifika kweli.

Jinsi ya kuhama bila kupoteza mtu njiani

Kutoka katika historia hii mafundi wamepata desturi ambayo haihitaji pesa nyingi.

Nakala ya akiba huja kwanza, na ina sehemu mbili: faili, yaani picha na sauti, na hifadhidata, yaani maandishi yenyewe. Ukichukua moja bila nyingine umechukua mlango bila ufunguo. Iwekwe nje ya seva, kwenye diski ama flashi, na nyingine kwa mtu anayeaminika katika mji mwingine. Kisha irudishwe mara moja kwa majaribio. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa bado ni tumaini tu.

Baada ya hapo toleo jipya hujaribiwa kwenye tovuti pacha ambayo wasomaji hawaioni. Hapa kwetu jambo hili ni zito. Tovuti ya redio inaweza kubeba majina ya wanaotafutwa, picha za watoto, nambari za simu za wahami. Tovuti pacha isiyo na neno la siri ni kama daftari la majina lililoachwa kwenye meza ya soko. Ifungwe, na kazi ikiisha ifutwe. Nakala iliyo kwenye flashi nayo ifungwe kwa neno la siri, maana flashi inaweza kunyang'anywa kwenye kizuizi. Na kabla ya kuhama ni wakati mzuri wa kuondoa majina ya waliokwisha kukutana na ndugu zao.

Siku ya kuhama huchaguliwa: siku ya umeme wa uhakika na mega za kutosha, si kesho ya kura wala wakati watu wako barabarani wakikimbia. Tangu nakala inapochukuliwa hadi kuhama kuishe, habari mpya zisipandishwe. Tangazo lililowekwa katikati ya saa hizo ndilo linalopotea bila mtu kujua, kwa sababu halimo katika nakala wala katika nyumba mpya.

Kisha ni kukagua. Siyo ukurasa wa mbele tu, kwani huo unaangaliwa na kila mtu. Fungueni matangazo ya miaka mitatu iliyopita, kwenye simu ndogo, kwa mtandao wa polepole, kama wanavyofungua watu walio kambini. Bonyezeni sauti, jazeni fomu, muone kama ujumbe umefika.

La mwisho ni anwani, neno lile la Berners-Lee. Kiungo cha tangazo la mtoto aliyepotea kimekwisha kutumwa kwa simu, kikafika Uvira, Bunia ama ng'ambo ya mpaka. Anwani ikibadilika, aliyekipokea ataambiwa ukurasa haupo, naye atadhani tangazo limefutwa ama mtoto amekwisha kupatikana. Kama hakuna budi kubadilisha, seva iagizwe kumpeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya yeye mwenyewe asijue. Ni kazi ya saa chache. Uchunguzi wa Pew Research Center uliotolewa 2024 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye.

Nanyi wasikilizaji mna sehemu yenu. Mkibonyeza kiungo cha redio yenu mkaambiwa ukurasa haupo, pigieni redio simu siku hiyohiyo, maana nakala ya zamani huenda bado ipo na kosa linarekebishika. Tangazo linalohusu familia yenu lipigeni picha ya skrini, ama liandikeni kwenye daftari pamoja na tarehe yake. Na nyinyi wenye redio, msiifute nyumba ya zamani juma la kwanza. Mwezi mmoja wa kungoja si gharama kubwa kwa mama ambaye bado anatafuta jina la mwanawe.