Utitiri wa Michungwa na Milimau ya Ndani

Utitiri wa michungwa ni viumbe vidogo vyenye miguu minane, ndugu wa buibui na kupe, vinavyofyonza majani, machipukizi na matunda ya mchungwa, mlimau na jamii yake. Katika nchi za baridi, ambako miti hii hukuzwa vyunguni na kuingizwa ndani kipupwe kinapokaribia, utitiri ni miongoni mwa wasumbufu wakubwa. Vipasha joto hukausha hewa, mvua ya kuosha majani haipo, na wadudu wanaoula wamebaki nje. Mlimau wa Meyer, uliopelekwa Marekani kutoka China na Frank N. Meyer mwaka 1908, hupendwa sana kwa vyungu na hushambuliwa mara kwa mara.

Dalili ya kwanza ni vidoa vidogo sana vya rangi ya maziwa juu ya jani. Vikizidi, jani lote hupauka, kisha hudondoka. Usichanganywe na dalili nyingine: upungufu wa madini huacha umanjano mpana kati ya mishipa ya jani. Vidugamba na vidukari huacha majimaji ya kunata. Utitiri haunatishi jani. Kung'uta tawi juu ya karatasi nyeupe: chembe zinazotembea, na ambazo zikisuguliwa kwa kidole huacha mstari mwekundu au wa kijani, ndizo zenyewe.

Kuna aina mbili za kutofautisha, na kwa hili lenzi ya mkono ni ya lazima. Panonychus citri ni mwekundu wa kuiva, hafumi utando mwingi, na yai lake jekundu lina kijiti kilichosimama wima juu yake. Tetranychus urticae ana rangi ya kijani-manjano na doa jeusi kila ubavu, na hufuma utando mwembamba chini ya majani na kwenye vikonyo. Wote hawazidi nusu milimita. Machipukizi yakijikunja na kukakamaa bila chembe yoyote kuonekana, ashukiwe Polyphagotarsonemus latus, utitiri mwingine mdogo zaidi ya hao.

Tiba huanza na maji. Chungu hufunikwa kwa mfuko ili udongo usilowe kupita kiasi, kisha mti huoshwa kwa nguvu, hasa upande wa chini wa majani. Hufuata sabuni maalumu ya mimea, si ya unga ya kufulia, au mafuta ya bustani kwa kiasi cha mililita 10 kwa lita 1 ya maji, yakitikiswa muda wote. Mafuta huziba pumzi ya mayai pia. Sabuni huyaacha mengi hai. Kwenye joto la nyuzi 27 kizazi kipya hukomaa ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo kunyunyiza mara moja ni kazi bure: hurudiwa kila baada ya siku 5 hadi 7, walau mara tatu. Salfa, ikitumika nayo dhidi ya utitiri, haifuatani na mafuta kabla ya wiki tatu, kwani majani huungua. Dawa za kawaida za wadudu zenye pairethroidi ziepukwe kabisa; huua wawindaji wa utitiri na kuuacha wenyewe ukiongezeka.

Wawindaji hao huuzwa pia. Phytoseiulus persimilis humaliza Tetranychus haraka, mradi unyevu wa hewa uzidi asilimia 60, lakini hamfai anayesumbuliwa na Panonychus. Huyo atafute Neoseiulus californicus, anayestahimili hewa kavu zaidi.