Miaka Kumi, Tuihesabu kwa Nini?

Tumepewa ukurasa huu tuandike historia. Wengi mlitegemea tuanze na hisa na mikopo. Hayo Mweka Hazina ameshayaeleza kwenye taarifa yake. Sisi tunaanzia mbali kidogo, mwaka 1955, hapa hapa Dar es Salaam.

Wakati huo TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza: mbona akina mama hawaonekani? Ndipo Bibi Titi Mohamed akapewa kazi ya kuwakusanya. Ofisi hana, gari hana. Alikuwa na nini basi? Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Akawaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, akawaendea na wapika pombe, watu waliojuana siku nyingi kwa harusi, misiba na kuchangiana. Kiongozi akikubali, wenzake wanamfuata. Kufikia Oktoba wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Jamani, bila simu ya mkononi!

Vyeo vilikuja baadaye: kuongoza UWT mwaka 1962, ubunge, unaibu waziri. Vyote vikaondoka. Alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Lakini wale 5,000 hakuwapata kwa cheo.

Nasi tulianza kwa kujuana, na upatu wa watu wanane. (Vijana hawajui kwamba upatu ni ile sahani ya shaba inayogongwa kwenye ngoma.) Tulipopata sanduku na katiba, tukaanza kusahau. Mwaka wa nne mwenzetu mmoja alikaa miezi mitano bila kurejesha mkopo. Kikao kikaamua tukachukue cherehani yake. Tukaenda kweli, watu sita na mkokoteni. Tukamkuta mama mkwe wake amelala mkekani, hajiwezi, na pesa zote zimeishia kwenye dawa. Kumbe alinyamaza kwa aibu. Atuonee aibu sisi! Tunaonana naye kila Jumamosi, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kwake kuna mgonjwa.

Cherehani tuliiacha. Mwenye mkokoteni tulimlipa pesa yake na akarudi mtupu. Mama yule alifariki baada ya wiki tatu, tukamzika sote, na mkopo mwenzetu aliumaliza mwaka uliofuata, mpaka shilingi ya mwisho.

Tangu siku ile sanduku halifunguliwi kabla hatujaulizana habari za nyumbani. Wenye haraka hunung'unika, na wanung'unike. Katibu ana madaftari mawili. Moja la fedha. La pili anaandika nani kafiwa, nani kajifungua, nani hakuonekana na nani kaenda kumtazama. Hilo la pili ndilo lililojaa kwanza, tumeshanunua jingine.