Wezi, askari na maneno ya kunyakua

Mkazi wa London aliyekwenda kutazama tamthilia ya Shakespeare ya Henry V, karibu mwaka 1599, hakuhitaji kuelezwa tabia ya Koplo Nym. Jina lilikuwa limeshamchongea. Katika lugha ya vichochoroni ya siku zile, "nim" ilikuwa kuiba, kuchomoa cha mtu kwa wepesi wa vidole. Koplo huyo anavuka bahari kwenda vitani Ufaransa na udokozi wake, na kabla mchezo haujaisha tunasikia ameshanyongwa.

Ajabu ni kwamba neno hilo halikuzaliwa jambazi. Kwa Waingereza wa kale, "niman" lilikuwa neno safi kabisa la kuchukua, la mezani na la kanisani, na Wajerumani mpaka leo wanalo "nehmen" kwa kazi hiyohiyo. Kilicholiponza ni ujio wa Waskandinavia, waliotua Uingereza kwa mashua za vita tangu mwishoni mwa karne ya 8, kisha wakalowea. Wao walisema "taka", na hilo ndilo "take" la leo. Mgeni alikaa barazani, mwenyeji akasukumwa uani, na huko uani wakamwokota wezi. Mwaka 1728 John Gay alipoandika The Beggar's Opera, mmoja wa majambazi wake alimwita Nimming Ned. Baadaye neno likafa, ila liliacha watoto wawili: "nimble", mwepesi, na "numb", aliyeshikwa na ganzi, ambaye kwa asili ya neno ni mtu aliyechukuliwa.

"Catch" nalo lina baba mgeni. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mfalme William alitenga misitu mikubwa iwe ya kuwindia, na sheria kali zikawekwa ili mnyonge asiguse paa wa mfalme. Lugha ya uwindaji ikawa Kifaransa. Kaskazini mwa Ufaransa, walikotoka watekaji, kuwinda kulitamkwa kwa sauti ya k, "cachier". Upande wa Paris walisema "chacier". Waingereza hawakuchagua, walichukua yote mawili. Moja likawa "catch", jingine "chase", na kwa muda mrefu "catch" lilimaanisha pia kukimbiza. Kukimbiza na kukamata, basi, ni ndugu wa tumbo moja, wote wajukuu wa "capere" la Kilatini. Hata umbo la "caught", linalowatesa wanafunzi wetu darasani, liliundwa kwa kuiga kitenzi cha kienyeji cha kushika, ambacho leo kimebaki mlangoni kama "latch", komeo.

Lakini aliyeneemesha msamiati huu zaidi ni mwizi wa London, pamoja na yule aliyemfukuza. Katika karne ya 17 vijana walikuwa wakilaghaiwa au kubebwa kwa nguvu, wakapakiwa merikebuni kwenda kufanya kazi katika mashamba ya makoloni ya Marekani. Waliofanya biashara hiyo walipewa jina kwa kuunga maneno mawili ya mtaani: "kid", mtoto, na "nap", kunyakua, neno lililo pacha na "nab". Ndiyo asili ya "kidnap", neno ambalo leo linakaa kwenye sheria za bunge kwa heshima zote bila mtu kukumbuka lilikotoka.

Mwaka 1785 Francis Grose, mwandishi wa mambo ya kale, alichapisha kamusi ya lugha hiyo ya wahuni, wakati wasomi wengi waliiona ni takataka. Mimi namhesabu miongoni mwa watu muhimu katika historia ya Kiingereza.

Kisha mwaka 1829 Robert Peel akaunda polisi wa London. Kaskazini mwa nchi tayari palikuwa na neno "cop", kukamata, ambalo wengi hulirudisha kwenye "capere" lilelile. Kufikia miaka ya 1840 mkamataji akaitwa "copper", kama kijana wa Dar es Salaam anavyosema njagu na mwenzake wa Nairobi karao. Wapo wanaosimulia kwamba jina lilitokana na vifungo vya shaba vya sare, na wengine eti ni herufi za mwanzo za cheo fulani. Hadithi tamu, lakini si kweli. Askari aliitwa kwa kazi yake, basi.

Kwenye macho, mambo yaligeuka. Kunyakua kulipewa maneno na wezi, ilhali kupiga chabo kulipewa mengi na wanajeshi. Wenyewe Waingereza walikuwa na michezo yao, hasa wachuuzi wa mashariki ya London waliofumba maneno kwa vina katikati ya karne ya 19. Ni kwa mtindo huo ambapo "look" lilikuja kugeuka "butcher's hook", ndoano ya muuza nyama, kisha kina chenyewe kikakatwa, ikabaki "butcher's". Asiyejua fumbo haambulii kitu.

Askari waliopelekwa India walirudi na "dekko". Ni Kihindi, "dekho", tazama. Lilikuwa amri, wao wakaligeuza jina: nipe dekko, yaani niangalie kidogo. India hiyohiyo ndiyo iliyowapa "loot", kupora, na wenye kuandika Hobson-Jobson, kamusi maarufu ya mwaka 1886, waliliingiza humo. Kampuni ya Kiingereza iliyojichotea utajiri wa Bengali baada ya vita vya Plassey mwaka 1757 ilipora mali, na neno la kupora nalo ikapora. Misri, Palestina na Iraki zikawapa "shufti", kutoka Kiarabu cha mitaani. Mswahili aliyekulia Maskati hahitaji tafsiri hapo.

Na tukisema "hebu cheki", tunamgusa mfalme wa Uajemi. Wacheza sataranji walitamka "shah" kumwonya mpinzani kwamba mfalme wake yuko hatarini. Neno likapita Kiarabu na Kifaransa, likafika Uingereza kama "check": kwanza kuzuia, kisha kuhakiki, mwisho kuangalia tu. Kipande cha karatasi cha kuhakiki malipo yasighushiwe ndicho kikawa hundi, ile ambayo benki zetu nazo huiita cheki. Shaha wa malenga, wa pwani yetu, amekichukua cheo chake kwa mfalme huyohuyo.