Kipande cha Pili: Historia ya Kitambaa Kinachokamilisha Vazi la Kila Siku

Binti anayepita Kariakoo akiwa na jinzi, fulana na mtandio mabegani huhukumiwa kwa namna mbili zinazopingana. Wakubwa wake husema ameiga ya ng'ambo. Wauza mitindo husema amegundua jambo jipya, kwamba kitambaa kimoja chepesi chaweza kuifanya fulana ya kawaida ionekane vazi lililopangwa. Pande zote mbili zinakosea, kwa sababu zote mbili zinaudhani mtandio kuwa mgeni. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, vazi la kawaida, lile la sokoni, kisimani na kwa jirani, limehesabika kuwa kamili tangu zamani pale tu kinapoongezwa kipande cha pili cha kitambaa: kisichokatwa kwa umbo la mwili, kinachofungwa, kutandwa au kuviringwa. Hoja ya makala haya ni kwamba kipande hicho hakikuwa pambo la ziada. Ndicho kilichobeba maana ya vazi zima, na kwa kuwa kilikuwa rahisi kupatikana na kubadilishwa kuliko nguo nyingine yoyote, historia yake iliandikwa na wanawake wasio na mali wala cheo.

Tuanze na karne ya 19. Baada ya Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, meli za Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts, zilileta Unguja majora ya pamba isiyotiwa rangi, nzito na imara, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Watu waliita kitambaa hicho merikani, na misafara ikakifikisha Tabora na Ujiji, ambako kilipokelewa kama fedha. Sambamba nacho kulikuwa na kaniki ya kutoka India, iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Vyote viwili vilivaliwa bila mshono: mwanamume alifunga kiunoni, mwanamke kifuani. Panapokuwa hakuna kola, mkono wala kiuno kilichokatwa na fundi, daraja la mtu husomwa kwingine, yaani kwenye wingi wa kitambaa na mahali kinapoishia. Mtumwa alivaa kile alichopewa na bwana wake, nacho mara nyingi kilikuwa kipande kimoja. Kichwa na mabega yalibaki wazi. Muungwana aliongeza cha pili, akajitanda. Kwa hiyo, kabla hata ya kuwapo kanga, tofauti kati ya aliyemilikiwa na aliye huru ilionekana kwenye kitambaa cha juu.

Ndiyo maana hatua iliyofuata ina uzito zaidi kuliko inavyosimuliwa. Katika miongo ya mwisho ya karne hiyo ziliingia kwa wingi leso za pamba zilizochapwa rangi, vitambaa vya mraba ambavyo Wareno walikuwa wamewazoesha watu wa pwani tangu zamani. Dukani hazikuwa zimetenganishwa. Zilifuatana kwenye jora moja, kila moja na fremu yake ya maua au mistari. Mnunuzi alikatiwa mfululizo wa leso tatu, kisha mfululizo wa pili wa leso tatu, akaviunga viwili hivyo ubavu kwa ubavu kwa mshono mmoja mrefu. Alipata shuka la leso sita, lenye upana wa kumfunika tangu kifuani mpaka chini ya magoti, na fremu za leso zikawa zimegawa shuka hilo vyumba sita. Sindano ilitumika hapo kupata upana wa kitambaa tu. Umbo la vazi liliachiwa fundo. Wafanyabiashara walipoona mtindo huo unawapa wanawake sura ambayo merikani haikuwahi kutoa, waliagiza viwandani shuka zima lililochapwa tayari, lenye fremu moja kubwa badala ya sita. Mombasa hadi leo shuka hilo linaitwa leso. Kwingi kwingine ni kanga.

Umbo lililotulia tunalijua sote: pindo linalozunguka pande nne, mji katikati, na jina karibu na ukingo wa chini. Maandishi yalianza kwa hati za Kiarabu, baadaye yakahamia herufi za Kirumi, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, maarufu kwa chapa ya Mali ya Abdulla, linatajwa mara nyingi katika kuenea kwa misemo ya Kiswahili kwenye vitambaa hivyo. Ila jambo la msingi kwa hoja yetu ni kwamba kanga iliuzwa, na bado inauzwa, kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana ambavyo mnunuzi huvitenganisha na kuvipinda mwenyewe. Doti ilikifanya kipande cha pili kuwa sehemu ya bei. Yeyote aliyenunua vazi alinunua pia cha kujitanda, na hivyo ile alama ya uungwana ikawa inauzwa dukani kwa kila mwenye rupia. Na jina la kanga husomeka vizuri zaidi kwenye kipande hicho, kinapopita kichwani na kushuka mgongoni, kwani kile cha chini mara nyingi hupotea kwenye mikunjo.

Mwaka 1897 Unguja ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa, na pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907. Mwanahistoria Laura Fair, aliyechunguza maisha ya Unguja baada ya tangazo hilo, ameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki na merikani, wakashika kanga, wakajifunika kichwa kwa ukaya, na miongo michache baadaye wakavaa buibui lililokuwa la mabibi. Sheria iliwapa uhuru kwenye karatasi, lakini hakuna afisa aliyetembea mitaa ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, kuwatangazia majirani kwamba fulani si mtumwa tena. Tangazo hilo alilitoa mwenyewe kila asubuhi, kwa kitambaa alichokichagua na kukilipia. Kasi ya mitindo ya kanga ya miaka ile inaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka hilo. Michapo ilibadilika upesi, na iliyopitwa iliwadodea wenye maduka. Wachapaji wa Uholanzi, katika miji kama Helmond na Haarlem, walitegemea michoro na maelezo yaliyotumwa na mawakala wao wa pwani, wakichapa maneno wasiyoweza kuyasoma kwa ajili ya wateja wasiowahi kuwaona.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la uchumi: watu walifunga vitambaa kwa kuwa hawakumudu kushonesha. Kuna ukweli ndani yake. Kipande bapa hakina ujira wa fundi, humfaa mama na binti yake kwa zamu, hubeba mtoto mgongoni na hukunjwa kuwa kata ya kutwikia ndoo. Lakini umaskini hauelezi kwa nini wenye mali nao walikihitaji. Emily Ruete, aliyezaliwa Sayyida Salme binti Said, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na anapoeleza mavazi ya wanawake wa nyumba ya kifalme, nguo za kushonwa zimo, suruali na kanzu, lakini kitambaa cha kichwani nacho kimo. Tena zitazamwe ada za ndoa za pwani. Pamoja na mahari hutajwa kilemba cha baba, kitambaa cha kuzungushia kichwa. Mkaja wa mama, kitambaa cha kukaza tumbo baada ya kujifungua. Na ubeleko, kitambaa cha kubebea mtoto. Leo ada hizi hulipwa zaidi kwa fedha taslimu. Hata hivyo jamii iliyotaka kuwashukuru wazazi kwa kumlea binti iliziita shukrani zake kwa majina ya vitambaa vya kufungwa, na haikuchagua kanzu wala joho. Kitu kinachovaliwa kwa shida tu hakipewi heshima ya aina hiyo.

Pingamizi la pili ni la dini: kipande cha juu ni stara, basi, na mengine ni maneno mengi. Hakika Uislamu umekifanya kitambaa cha kichwa kuwa jambo la wajibu kwa wengi, na hakuna historia ya pwani inayoweza kulikwepa hilo. Wajibu huo, hata hivyo, unasema kichwa kifunikwe. Hausemi kwa ushungi au kwa mtandio uliozungushwa shingoni, wala kwa rangi gani. Ndani ya nafasi hiyo ndimo mitindo yote ilimozaliwa. Isitoshe, kitambaa kimefanya kazi mahali ambapo stara si suala. Kibwebwe kinachokazwa kiunoni hakifuniki kisichofunikwa tayari. Kinaonyesha kwamba mwenye nacho yuko kazini au yuko ngomani, na ndiyo maana mtu aliyeamua jambo kwa dhati husemwa amejifunga kibwebwe. Wanawake Wakristo wa Mwanza, Kisumu na Bujumbura hufunga vilemba vya kitenge kwenda kanisani na sherehani. Mashabiki wa Simba na Yanga huvaa skafu kwenye joto la Dar es Salaam, na chipukizi wa chama huwavisha skafu wageni wa heshima. Katika mifano yote hii kitambaa kinamweleza mvaaji: yuko upande gani, na amekuja kwa jambo gani.

La tatu ni zito zaidi. Kama merikani ilitoka Massachusetts, leso zikatoka Ulaya na India, kanga ikachapwa Uholanzi, kisha Japani, India na China, kwa nini tuiite historia yetu? Jibu limo katika mwenendo wa biashara yenyewe. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameeleza jinsi viwanda vya Salem vya enzi hiyo vilivyofuata matakwa ya wateja wa Afrika Mashariki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokata mzigo, nafasi ilijazwa na Uingereza, na baadaye viwanda vya Bombay. Mtengenezaji alibadilika mara tatu au nne katika karne moja. Namna ya kuvaa ilibaki, na kila mtengenezaji mpya alilazimika kuifuata. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, nacho kilichapa kanga na vitenge kwa vipimo ambavyo wanawake wa pwani walikuwa wamevikubali zamani. Miezi michache baadaye, kampeni ya Operesheni Vijana ilipiga marufuku sketi fupi na suruali za kubana kwa madai kwamba ni mavazi ya kigeni. Kanga, ambayo kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilichapwa ughaibuni, haikumtia mtu mashaka. Wanasiasa wenyewe walikubali, bila kutamka, kwamba uenyeji wa nguo hupimwa kwa namna inavyovaliwa, wala si kwa anwani ya kiwanda.

Sasa turudi kwenye jinzi na fulana. Gauni la kushonwa, kisha mitumba iliyofurika Tanzania baada ya biashara kulegezwa miaka ya 1980, viliondoa kipande cha kwanza cha doti, kile cha kiunoni, kwenye mavazi mengi ya kutokea. Cha pili kilibaki, kikawa chepesi zaidi, kikauzwa peke yake kama mtandio. Mitumba ilikizidishia kazi. Mnunuzi wa soko la Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, hapati seti. Hupata blauzi iliyokatwa kwa ajili ya kipupwe cha Ujerumani na sketi iliyoachwa na mtu wa Kanada, nguo mbili zisizowahi kukusudiwa kukutana. Tazama anavyozipatanisha. Huchagua mtandio wenye rangi ya blauzi kwenye pindo na rangi ya sketi katikati, au kinyume chake, kisha huutanda kiasi cha rangi ya chini kuonekana juu. Macho yanayoutazama mtandio kwanza hudhani nguo zote zilinunuliwa siku moja. Kama shingo ya blauzi ni pana mno, mtandio hushuka kifuani. Kama mikono ni mifupi kwa ofisi anayoiendea, hutanda mabega. Mafunzo ya kuufunga huenda kayapata kwenye video ya Istanbul au Kuala Lumpur. Hilo halibadili jambo: bibi yake naye alipata leso kutoka ughaibuni. Anachokifanya nao ndicho kilekile, kukamilisha vazi kwa kipande cha pili.

Historia hii ina la kusema kwenye mjadala wa leo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu ili kufufua viwanda vya nguo. Rwanda ilipopandisha ushuru, Marekani iliisimamishia msamaha wa kodi kwa nguo zake mwaka 2018, na wengine wakarudi nyuma. Mjadala mzima ulihusu nguo zilizoshonwa, mashati na suruali, ambako ushindani na marobota ya bei nafuu ni mgumu kuliko popote. Wachache walikumbuka kwamba kwa zaidi ya miaka 100 mnunuzi wa eneo hili amefanya uamuzi wake wa makini zaidi kwenye kitambaa bapa, kisicho na saizi, kisichohitaji fundi, na kwamba ladha ya mnunuzi huyo imewatawala wachapaji wa mabara matatu. Robota la mitumba haliwezi kumpa kanga yenye msemo wa wiki hii, wala mtandio uliochapwa kwa rangi zinazotakiwa Tanga mwezi wa Ramadhani. Anayetaka kiwanda kinachosimama kwa miguu yake hapa angeanzia kwenye kipande cha pili, na michoro angeiagiza kwa wale walioiamua siku zote, wanawake wanaosimama dukani wakifunua doti moja baada ya nyingine na kukataa tisa kabla ya kuchukua ya kumi.