Biharusi Anayetembea Usingizini: Si Shetani



Sisi tunaoshona nguo za harusi huambiwa mengi wakati wa kupima. Msimu uliopita biharusi mmoja alitunong'oneza kuwa usiku huinuka, hufungua mlango, na asubuhi hakumbuki kitu. Hofu yake ni kwamba mume akimuona atamrudisha kwao, aseme ana shetani.

Hofu hii ni ya zamani. Tarehe 6 Machi 1831, mjini Milan, Italia, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa kuimba wa Vincenzo Bellini uitwao La sonnambula, yaani mwanamke atembeaye usingizini. Kijiji kizima kinaogopa kizuka cheupe kinachopita usiku. Kumbe ni Amina, yatima anayesubiri harusi. Anaingia usingizini chumbani kwa mgeni mwanamume, mchumba anamvua pete. Anasadikiwa pale tu watu wanapomuona wenyewe akipita juu ya daraja bovu la kinu, naye hana habari.

Mwaka 1846, Boston, Marekani, Albert Tirrell alishitakiwa kwa kumuua mwanamke. Wakili wake, Rufus Choate, akasema huenda alitenda akiwa usingizini, na mahakama ikamuachia. Sisi Waislamu tulishafundishwa karne nyingi kabla kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, mmoja wao aliyelala mpaka aamke.

Wengi walidhani mtu huyu anafuata ndoto. Mwaka 1965 watafiti wa Los Angeles waliwapima wakiwa wamelala, wakaona huinuka katika usingizi mzito, si ule wa ndoto. Mwaka 1968 Roger Broughton akaeleza kuwa ni kuamka nusu: mwili umeamka, akili bado. Ndiyo maana hutokea zaidi mwanzoni mwa usiku, na zaidi kwa watoto, ambao wengi huacha wakikua. Hupita katika ukoo, na homa, wasiwasi na kukosa usingizi huzidisha. Nani hukosa usingizi kama biharusi wiki ya harusi?

Basi usimpigie kelele wala kumtikisa. Mshike taratibu umrudishe kitandani. Funga milango, ondoa mikasi na visu. Ikimuanza mtu ukubwani, au akijiumiza, aende kwa daktari. Dua za kulala tusiziache.

Biharusi wetu tulimshauri amwambie mchumba kabla ya akdi, si baada. Alimwambia. Akajibiwa kuwa mdogo wake mchumba naye alikuwa hivyo hivyo utotoni. Gauni tulimaliza kwa wakati, alhamdulillah.

Wallahu aalam.