Walioacha Pombe Luvungi, na Njia Iliyoanzia Mbali

Ukishuka kutoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5, ukiipita Kamanyola unafika Luvungi, mji mdogo wa Bafuliiru katika bonde la Ruzizi. Siku ya soko, upande mmoja ni mihogo na mpunga; upande mwingine mama amekaa na bidoni ya kanyanga, pombe kali ya kienyeji, anapima kwa kikombe cha plastiki, na mnunuzi anaimaliza palepale akiwa wima. Mtaa huohuo una watu waliokuwa wateja wa kila asubuhi, na leo hawagusi hata kasikisi, pombe ya ndizi, ya harusi. Wengi wao hawakupitia hospitali. Waliokoka.

Njia hiyo ililetwa hapa kwa milango miwili. Mwaka 1921 Wapentekoste wa Sweden walianza kazi Uvira, na mwaka uliofuata wenzao wa Norway wakafungua misheni Kaziba. Makanisa yao, ambayo leo tunayajua kama CEPAC na CELPA, yalimtaka anayetafuta ubatizo aache kabisa ulevi na tumbaku. Mlango wa pili ni Uamsho wa Afrika Mashariki. Septemba 1929, huko Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile ya maisha mapya. Miaka michache baadaye moto uliwaka Gahini, Rwanda, ukavuka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na hadi huku kwetu. Walokole, yaani waliookoka katika Uamsho huo, hawakuishia kuomba. Waliungama mbele ya watu, wakarudisha mali waliyoiba, wakawaendea maadui zao kuomba radhi, na wakakutana kila wiki kuambiana ukweli wa mioyo yao. Pombe waliiacha.

Hapo ndipo historia inapotupa jambo la kustaajabisha. Church alikuwa amelelewa kiroho na mafundisho ya mikutano ya Keswick, Uingereza, iliyoanza 1875. Mwaka 1908, mchungaji Mmarekani aitwaye Frank Buchman alifika Keswick akiwa amejaa chuki dhidi ya wakubwa sita wa kamati aliokosana nao kazini. Katika kanisa dogo alimsikiliza mwanamke akihubiri msalaba. Akatoka, akaandika barua sita za kuomba radhi. Kundi aliloliunda baadaye, Oxford Group, ndilo lililomfikia mlevi mmoja wa New York, Bill Wilson, mwishoni mwa 1934. Mei 1935, akiwa Akron, Ohio, biashara imemharibikia na tamaa ya chupa imemrudia, Wilson alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akampata daktari Bob Smith. Daktari alikuwa amekubali kumpa dakika 15. Walikaa saa kadhaa. Tarehe 10 Juni 1935 inahesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe.

Hatua 12 za vikundi hivyo, zilizochapishwa mwaka 1939, zinamtaka mlevi akiri kwamba nguvu zake zimeshindwa, ajikabidhi kwa Mungu kadiri anavyomwelewa, amweleze mtu mwingine makosa yake, awafidie aliowadhulumu, kisha ampelekee mlevi mwingine ujumbe wa njia hiyo. Mlokole wa Gahini angeitambua karibu kila hatua.

Tofauti moja naiona nzito. Katika mengi ya makanisa yetu, muumini akionekana amelewa anawekwa chini ya nidhamu: hashiriki meza ya Bwana, haimbi kwaya, na mara nyingi aibu inamrudisha kwenye bidoni. Katika Alcoholics Anonymous aliyeanguka anarudi kwenye kiti chake wiki hiyohiyo, anasema ameanguka, na anaanza kuhesabu siku upya. Siamini kwamba wazee wetu wa kanisa hawana huruma; wanalinda ushuhuda wa kundi. Lakini Uamsho wenyewe ulisimama juu ya kuungama tena na tena, si mara moja siku ya kuokoka.

Bukavu kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Upendo, ambacho kinapokea pia watu walioharibiwa na pombe. Mgonjwa anayetoka huko anarudi kwa barabara ileile namba 5 na kushukia sokoni. Kikundi cha maombi cha Jumatano kanisani kina mabenchi ya kutosha, na kina watu waliowahi kutetemeka mikono kama yeye. Wanachohitaji ni ruhusa ya wazee ili mtu huyo aketi kati yao hata jioni ile ambayo ameshindwa.