Muziki wa barazani: vyombo vichache na shairi moja

Wafasiri wengi, wakikutana na muziki wa Kizungu unaopigwa na watu wachache, wawili hadi tisa hivi, kila mmoja akishika sauti yake peke yake na bila kiongozi wa kupunga kijiti, hukimbilia kuandika "muziki wa chemba". Lakini mwambie mkazi wa Choma, wilayani Igunga, mkoani Tabora, kwamba jioni kuna muziki wa chemba. Chemba anayoijua yeye ni ile ya majitaka, yenye mfuniko wa zege nyuma ya nyumba. "Muziki wa chumbani" nao unapeleka mawazo kitandani.

Ulaya muziki huu ulipigwa kwenye vyumba vya kupokelea wageni. Joseph Haydn (1732–1809) aliutungia kazi 68 za fidla mbili, viola na selo. Kuta si kiini chake. Kiini ni ukaribu: msikilizaji anasikia hata pumzi ya mpigaji, na wapigaji wanaongozana kwa macho. Kwa hiyo mimi nachagua "muziki wa barazani". Baraza laweza kuwa ndani au nje, na watu hukaa hapo kusikilizana. Tabora, mji wa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, unalijua neno hilo tangu enzi za matembe ya Kwihara, jirani ya mji huo.

Unyamwezini na Usukumani upo muziki wa namna hiyo. Chukua ndono: upinde wenye uzi mmoja na kibuyu kilichokatwa mdomo. Mpigaji hugonga uzi kwa kijiti chembamba, huku akikisogeza kibuyu kifuani na kukiondoa, na sauti inajifunga na kujifungua. Ni sauti ndogo. Ukikaa mbali huipati, na ukiiwekea spika kubwa umeiua. Mtunzi anayeimba juu yake, au juu ya zeze, anataka wasikilizaji wanaoshika kila neno.

Hapo ndipo ushairi unapoingia, na hapo istilahi ya pili inahitaji uangalifu. Kuoanisha ushairi na muziki wa barazani si jambo moja. Shairi laweza kuimbwa, kama taarabu ya Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928 akiwa na kikundi kidogo cha wapigaji. Laweza kusomwa katikati ya vipande, vyombo vikiwa kimya. Na laweza kutamkwa juu ya vyombo vyenyewe. Mwaka 1912 Arnold Schoenberg alitoa Pierrot lunaire, mashairi 21 kwa sauti moja na wapigaji watano, akitaka msomaji asiimbe wala asiongee kama mtu wa kawaida. Wajerumani walilazimika kuunda neno la sauti hiyo. Sisi tuna kughani, neno linalokaa kati ya kusoma na kuimba, ingawa kughani kwetu hufuata mizani na vina, na kule sauti huteleza bila kizuizi hicho. Mfasiri akiandika "kuimba" kwa yote matatu, anamnyima msomaji tofauti ambayo Kiswahili chenyewe kinaijua.

Istilahi ya tatu, "tamasha la kiangazi", haina tabu kubwa. Juni hadi Agosti, Ulaya ni majira ya joto, na Kuhmo huko Finland hukusanya wapigaji wa muziki huu kila Julai tangu mwaka 1970. Miezi hiyohiyo Tabora ni kavu, mavuno yamekwishaingia ghalani, na ni msimu wa mashindano ya ngoma, ambako manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hupimwa kwa maneno yake kama kwa sauti yake. Basi tamasha la kiangazi lina maana kamili Choma, tena bila maelezo.

Nawaomba waandaaji wa matamasha wajaribu jambo hili: ngoma kubwa zikipumzika, wawekeni mpiga zeze au ndono na mghani mmoja mbele ya watu wachache, bila vipaza sauti, na shairi lichapwe kwenye karatasi ya ratiba ili kila aliyepo alifuate. Kwenye tangazo andikeni: muziki wa barazani.